Anapaliwa na maji baada ya kiharusi: ainamishe kidevu au ageuze kichwa?

Mlezi_wa_Mzee: Wakuu, mzee ana wiki ya 3 tangu apate kiharusi, upande wa kushoto umelegea. Uji mzito unapita, maji yanampalia. Mmoja kasema ainamishe kidevu, mwingine ageuze kichwa kushoto. Kwa nini ageukie upande mbovu?

Nesi_wa_Zamu: Kabla ya kidevu, anza na makalio. Yafike mwisho wa kiti, nyayo zikanyage chini, mto ubavuni kushoto asiegemee. Akishakula abaki wima dakika 30.

TibaKoo: Hizo ni dawa za makosa mawili tofauti. Kidevu chini ni kwa anayepaliwa *kabla* ya kumeza: maji yanateleza kooni wakati koo bado limelala. Akiinama, mlango wa njia ya hewa unabanwa, na kishimo nyuma ya ulimi kinayashika maji kidogo. Kijiko cha chai kimoja (ml 5), funga mdomo, kidevu kifuani, meza, ndipo ainue. Akiinua mapema kazi yote imeharibika.

Kugeuza kichwa ni kwa koo lililolegea upande mmoja. Akitazama bega la kushoto, nusu ya kushoto inabanwa na tonge linapita kulia, penye nguvu. *Kulaza* kichwa begani ndiko huenda upande wenye nguvu. Watu huchanganya hayo mawili kila siku.

Ila uso kulegea kushoto hakuthibitishi kwamba koo nalo limelegea kushoto. Na kama mabaki hukwama chini kooni, kuinamisha kidevu kunaweza kuyamwaga kwenye njia ya hewa. Omba eksirei ya video ya kumeza, wajaribu mkao mmoja mmoja wakiona.

Mlezi_wa_Mzee: Asante mkuu. Tatizo akinywa kikombe kichwa kinarudi nyuma chenyewe.

Nesi_wa_Zamu: Kikombe chembamba kikibaki nusu, pua inagonga ukingo, lazima aangalie dari. Chukua cha plastiki laini, kata pengo la pua upande mmoja, lainisha makali, anywe upande wa pili. Nawe ukae, macho yenu yalingane. Ukimlisha umesimama atanyanyua kidevu akutazame.

Mlezi_wa_Mzee: Jana kainama, hakukohoa hata mara moja. Nimpe glasi nzima?

TibaKoo: Hapana! Wapo ambao maji huingia mapafuni kimya, bila kikohozi. Baada ya kila vijiko vichache mwambie aseme "aaa". Sauti ikitoka ya majimaji, kama anayesukutua, simamisha, akohoe, ameze tena bila kitu. Homa au pumzi za haraka, hospitali siku hiyohiyo.

Nesi_wa_Zamu: Na mswaki asubuhi na usiku, ulimi pia, hata kama meno yamebaki mawili. Akipaliwa na mate yenye uchafu wa kinywa, vijidudu vyake ndivyo vinavyoleta nimonia.