Watafsiri wa muvi mnatuharibia filamu, jifunzeni kunyamaza

Wakuu,

Nimevumilia vya kutosha. Siku hizi nimeangalia muvi nyingi, mpya na za miaka michache nyuma, na karibu zote ni zile zilizotafsiriwa, yaani mtu mmoja anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya muvi, kwa sababu nyumbani naangalia na bi mkubwa, mama yangu, na Kiingereza kwake hakipandi. Karibu zote zimeharibiwa na mtu yule yule anayetafsiri. Hanyamazi!

Naanza na iliyoniuma zaidi: A Quiet Place: Day One ya 2024, ile ya Lupita Nyong'o. Kwa ambao hamjaiona, madude yameshuka New York, hayaoni, yanawinda kwa kusikia. Ukikohoa tu umekwenda. Muvi inaanza na maandishi kwamba kelele za jiji lile kwa wastani ni desibeli 90, sawa na mtu anayepiga mayowe bila kukoma. Maandishi hayo ndiyo yanakuandaa kwa yote yanayofuata. Mtafsiri wetu hakuyasoma. Muda huo alikuwa anajitangaza: jina lake, studio yake, na salamu kwa washkaji wa Tandika na Gongo la Mboto.

Lupita pale ni mgonjwa wa saratani ambaye siku zake zinahesabika, na anachotaka ni kufika Harlem akale piza. Mtafsiri akasema anamtafuta mume wake. Mume yupi?

Halafu kuna ile sehemu Lupita na kijana mmoja wa Kiingereza wamejificha nyumbani kwa Lupita usiku, mvua kubwa inanyesha. Wanagundua kwamba radi ikipiga wanaweza kupaza sauti na madude yasisikie. Basi wanasubiri. Radi inapasuka, wote wawili wanapiga ukunga kwa nguvu zao zote, hofu na uchungu wa siku nzima vinatoka pale. Inapotulia, wanafunga midomo. Nilikuwa nimeshaiona kwa Kiingereza, najua hakuna neno pale. Mtafsiri yeye anasema: "Hapa steringi wetu anamwambia jamaa, usiogope, mimi nipo." Hakusema hivyo! Hakusema chochote! Na radi yenyewe hatukuisikia kwa sababu ya mdomo wake.

Bi mkubwa akaniuliza, "Mwanangu, mbona hawa wanaongea tu na hayo madude hayaji?" Swali la haki kabisa. Ameangalia muvi nzima bila kujua kanuni yake kwa sababu ya mtu aliyejitolea kumwelewesha.

Sinners ya Ryan Coogler, ya 2025. Michael B. Jordan anacheza mapacha wote wawili, Smoke na Stack, wanarudi Clarksdale, Mississippi, mwaka 1932 kufungua ukumbi wa muziki. Mtafsiri kasema waigizaji ni mapacha wa kweli, haya, hilo naliacha. Siwezi kuacha ile sehemu kijana Sammie, mtoto wa mchungaji, anashika gitaa anaimba, na muziki wake unawaita waliotangulia na watakaokuja baadaye. Wanatokea wacheza ngoma wa Afrika, jamaa wa gitaa la umeme, DJ na santuri zake, wote katikati ya watu wa 1932, na muziki unabadilika kadiri kamera inavyowapitia. Hapo ndipo penye moyo wa muvi yenyewe. Mtafsiri anapiga kelele juu yake mwanzo mpaka mwisho: "Majini yameshaingia ukumbini, ndugu mtazamaji!" Mababu zetu wale, unawaita majini! Ngoma yetu wenyewe imefunikwa na Mswahili mwenzetu.

Na yule mzee mpiga piano, Delroy Lindo, anaposimulia ndani ya gari jinsi rafiki yake alivyouawa na Wazungu, sauti za tukio zinasikika kwa mbali chini ya maneno yake, kisha maneno yanamwishia anaanza kuguna wimbo. Kwenye kopi yetu hakuna sauti za tukio wala mguno. Kuna namba ya simu ya mtafsiri inapita chini ya kioo.

Oppenheimer ya 2023 niliirudia kwenye kibanda umiza kimoja Mbagala, sabufa kubwa, watu wamejaa. Jaribio la bomu la nyuklia, Julai 1945, jangwa la New Mexico. Mwanga unakuja kwanza, na kwa kuwa mwanga unaitangulia sauti, mwongozaji Nolan anakuacha na kimya kirefu, unasikia pumzi tu, mpaka mshindo unapofika unaruka kwenye kiti. Mtafsiri alikijaza kimya chote kile kwa "moto, moto, mzee baba, moto!" Mshindo ulipofika hakuna aliyestuka. Aliyetunga muziki wa muvi hiyo ni Ludwig Göransson, huyo huyo wa Sinners na Black Panther. Alipata Oscar kwa Oppenheimer, na sisi kazi yake hatujaisikia.

Sasa msije na lile jibu la "kama hutaki nenda sinema". Kule muvi inachezwa kwa Kiingereza bila maandishi ya Kiswahili, bi mkubwa atafaidi nini? Mimi watafsiri nawahitaji. Tuliokulia kwenye kanda za Lufufu, yule mtafsiri wa zamani, hatuidharau kazi hii hata kidogo.

Wala kitaalamu haishindikani. Muvi nyingi huja na sauti iliyogawanywa njia sita, na mazungumzo karibu yote yanakaa njia ya katikati. Punguza hiyo, uache muziki na vishindo. Nyie mnazima kila kitu, au mnapandisha maiki mpaka sauti ya muvi inasikika kama iko nyumba ya jirani. Tamthilia za Kituruki zinazoingizwa Kiswahili kwenye televisheni, kila mhusika ana sauti yake na muziki unasikika vizuri. Wanaofanya ni watu wa hapa hapa.

Bongo muvi nao wana kesi yao, kinanda kinalia tangu mwanzo mpaka mwisho na bodaboda inapita katikati ya maneno ya mapenzi. Lakini tukitaka tunaweza. Angalieni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi: Zanzibar ya ukoloni, Siti Amina anaimba, na hakuna anayemwingilia. Bi mkubwa aliimaliza bila kuniuliza swali hata moja.

Kwa hiyo nyie watafsiri mliomo humu: someni maandishi ya mwanzo, msitunge maneno ambayo hayakusemwa, na kama hakuna anayeongea, fungeni maiki. Matangazo yenu wekeni mwishoni, tutayasikiliza.

Na kama kuna anayemjua mtafsiri hapa Dar anayeacha muvi isikike, aniwekee jina lake na duka linalouza kazi zake. Nataka bi mkubwa aione ya Lupita upya, safari hii kama ilivyotengenezwa.