Mrejesho: urefu wa fungu la elektroni sasa umekaa sawa

Wakuu, niliuliza kwa nini picha za uigaji tunazochakata hapa Dodoma zinatoa fungu la elektroni (kundi la elektroni zinazosafiri pamoja) lenye urefu wa pikosekunde 0.68, wakati tuliingiza 0.55; pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Asanteni sana, kosa limepatikana.

Tulikuwa tunatumia upana wote wa doa kwenye skrini. Kaviti ya kupindisha (chemba ya mawimbi ya redio inayosukuma elektroni kando kulingana na muda zinapofika) hurefusha doa, lakini doa lina upana wake hata kaviti ikizimwa, na huo lazima uondolewe. Ikiwashwa tunapata mikromita 350, ikizimwa 210. Kipeuo cha pili cha 350² − 210² ni 280.

Kubadili kuwa muda: kwa kaviti ya megahezi 2856, digrii 1 ya fezi (hatua ya wimbi katika mzunguko wake wa digrii 360) ni pikosekunde 0.97. Sogeza fezi kidogo kidogo kandokando ya sifuri (pale katikati ya fungu haisukumwi), uone kitovu cha doa kinahama kiasi gani. Kwetu ni mikromita 500 kwa digrii, yaani takriban 514 kwa pikosekunde. 280 ÷ 514 = 0.545.

Aliyeshauri kurudia kipimo fezi ikiwa imegeuzwa digrii 180, ubarikiwe. Upande mmoja ulitoa 378, mwingine 320: fungu liliingia kwenye kaviti likiwa tayari limeinama, yaani kichwa na mkia wake havikuwa kwenye mstari mmoja. Hapo chukua wastani wa vipeo vya pili, si wa upana wenyewe. Ndiko ile 350 ilikotoka.

Kuhusu umbo la fungu, kwanza ondoa kwenye picha yako mwanga wa picha iliyopigwa bila elektroni. Chembe hafifu za mwanga mkiani huvimbisha mkengeuko sanifu (kipimo cha upana wa doa) kupita unavyodhani. Na kwa kamera ya biti 8, pikseli zikigota 255 (kiwango cha juu kabisa), picha hiyo itupe: kilele chembamba kitaonekana bapa.