Dirisha kupanuliwa kuta zikiwa zimefika linta (boriti ya zege juu ya madirisha)

Wakuu, nyumba iko Mukono. Mwenye nyumba anataka dirisha la jikoni litoke mita 1.2 liwe 1.8. Fundi asimame?

— Asisimame, ahamie vyumba vingine. Ila uamuzi wa dirisha upatikane kabla ya zege: linta ikishamwagwa ni kubomoa. Ikalie ukuta sentimita 20 kila upande, yaani urefu mita 2.2. Nondo za zamani zitakuwa fupi, msiziunge katikati ya dirisha!

— Kwanza bei na siku za nyongeza ziandikwe, mwenye nyumba asaini. Ujumbe wa sauti WhatsApp hautoshi, ndiyo chanzo cha ugomvi.

— Mpe tarehe za mwisho za kubadili mambo: mabomba ya choo kabla ya sakafu, soketi kabla ya plasta. Rangi ingoje.