Mrejesho: boksi la biskuti za zawadi ya sikukuu

Wapendwa, niliwauliza kwa nini biskuti zangu kavu zinalainika ndani ya boksi la zawadi. Asanteni sana, mlinifaa. Kosa lilikuwa kuzichanganya na zile laini: unyevu hutoka kwenye laini ukahamia kwenye kavu, zote zikaharibika. Safari hii kila aina nimeifunga peke yake, na zenye mnanaa nimezitenga kabisa, maana harufu yake hutawala boksi zima. Nilisubiri zipoe vizuri kabla ya kufunga. Urembo wa sukari niliuacha ukauke usiku kucha, hadi nikigusa kwa kidole haunati. Jana shangazi kafungua lake, kavunja moja, ikalia "ka!" Nimefurahi mno. La jirani nalifunga leo jioni.