Vinanda vidogo vya MIDI: mnaandika "kwa simu" kwenye boksi, simu inavikataa

Wakuu, hili limezidi, na tukinyamaza wauzaji wataendelea. Siku hizi kila kinanda cha MIDI cha vitufe 25 (kile kinachotuma noti kwenye programu ya simu au kompyuta, nayo ndiyo inatoa sauti) kina picha ya simu kwenye boksi. Ukifungua, adapta hakuna, kiasi cha umeme kinachotumia hakijaandikwa popote, na programu ya kukipanga inafunguka kwenye kompyuta tu. Halafu mtu anakuja humu kuuliza kwa nini kinanda chake kimekufa, anajibiwa "nunua kingine". Hapana. Hajakosea yeye.

Tuanze na umeme, maana hapo ndipo wengi wanakwama. Kinanda kisicho na betri kinanyonya umeme wa simu. Kikichomekwa, kinajitambulisha na kutaja kiwango cha juu kinachotaka. Simu haipimi chochote, inasoma ile namba tu. iPhone za tundu la Lightning, kwa adapta ya kawaida, zinaruhusu takribani miliampia 100. Kinanda kikitaja 500 kinakataliwa papo hapo, hata kama matumizi yake halisi ni madogo, na ujumbe unatokea kwamba kifaa kinahitaji umeme mwingi mno. Mara nyingi chanzo ni taa za rangi kwenye padi (vile vibonyezo vya kupigia midundo). Dawa ni adapta yenye tundu la chaja pembeni, au habu (kigawa tundu la USB) yenye chaja yake. Habu tupu haisaidii. Vinanda vingine vina hali ya umeme mdogo inayowashwa kwa kushikilia kitufe fulani wakati wa kuchomeka, ila maelezo yake yamezikwa ndani kabisa ya mwongozo. Watengenezaji, chapisheni miliampia nje ya boksi! Ni namba moja tu.

Kinachoniudhi zaidi ni huu ubahili wa USB-C. Kifaa chenye tundu la USB-C kinatakiwa kiwe na rezista mbili za kilo-omu 5.1, moja kwa kila pini ya CC (pini ambazo simu inazitumia kutambua kilichochomekwa). Simu ikiziona ndipo inatoa umeme. Kuna viwanda vinaziacha ili kupunguza gharama. Matokeo yake, kinanda kinawaka vizuri kwenye kompyuta kwa waya wa USB-A kwenda C, kwa sababu tundu la USB-A linatoa umeme muda wote, lakini ukitumia waya wa C kwenda C kwenye simu hakuna hata taa. Mnunuzi anadhani simu ni mbovu. Muuzaji anamwonyesha kinawaka dukani na kukataa kukirudisha. Kama hili limekukuta, tumia adapta ndogo ya OTG, yaani ya kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu (C dume upande mmoja, USB-A jike upande wa pili), kisha uchomeke waya wa A kwenda C. Kikiwaka hapo, tatizo ni zile rezista. Kabla ya kulaumu kinanda, hakikisha pia waya si wa kuchajia tu. Waya wa namna hiyo unawasha taa zote, lakini noti haziendi.

Wa Android: MIDI ya USB imo ndani ya mfumo tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015, kwa hiyo anayekuuzia "dereva" anakuibia. Angalia kwanza kwenye mipangilio kama OTG imewashwa. Kuna simu zinazoizima zenyewe baada ya muda usipoitumia, ndiyo maana kinanda kinapotea katikati ya kazi.

Bluetooth nayo inauzwa kwa maneno matamu. MIDI ya Bluetooth yenyewe si mbaya, ucheleweshaji wake unavumilika kwa kupiga kodi (chords). Tatizo ni spika au earphone zisizo na waya: hizo mara nyingi zinachelewesha sauti zaidi ya milisekunde 100, na hakuna kinanda duniani kitakachorekebisha hilo. Sikiliza kwa waya. Na simu yako ikiwa na tundu moja tu, nunua habu yenye USB, tundu la earphone na njia ya chaja kwa pamoja. Kwenye iPhone, kinanda cha Bluetooth unakiunganisha ndani ya programu ya muziki, si kwenye mipangilio ya simu.

Programu ya kupanga ndiyo dharau kubwa kuliko zote. Vizungushio vinane vimewekwa, lakini kubadilisha namba zake za CC (hapa ni namba za MIDI zinazosema kizungushio kinabadilisha nini, si zile pini za USB-C) lazima utafute Windows au macOS. Kama huna kompyuta, hakikisha kinanda kinapangika kwa vitufe vyake, au programu unayotumia inaweza kujifunza CC inayotumwa. Vizungushio vyenye mwisho vina kero yao: ukibadilisha ala, sauti inaruka ghafla hadi pale kizungushio kilipo. Visivyo na mwisho ni bora, ila programu nayo iwe inavielewa. Nafasi ya pedali vingi havina kabisa, wapiga piano mwe macho.

Kabla ya kulipa, pakua programu ya bure ya kuonyesha ujumbe wa MIDI na ukijaribu kinanda kwa simu yako mwenyewe. Piga kila kitufe taratibu kisha kwa nguvu. Velositi (namba ya nguvu uliyopigia kitufe) inatakiwa ipande kuanzia namba ndogo hadi karibu na 127. Kikiruka kutoka 40 hadi 110 bila kitu katikati, hakitakupa hisia yoyote, na kubadilisha mkunjo wa velositi (mpangilio wa jinsi nguvu ya kidole inavyogeuzwa kuwa namba) kutasaidia kidogo tu. Kisha shikilia noti, bonyeza kitufe cha oktava, achia noti. Ikiendelea kulia, programu ya ndani ya kinanda ni mbovu: inazima noti tofauti na iliyowashwa. Hilo usilikubali hata kwa punguzo.

Wenye vinanda, wekeni hapa chini: jina kamili la kinanda, simu, toleo la mfumo, aina ya waya au adapta, na miliampia kama mmeipata. Picha za boksi hazihitajiki.