Mjadala: Vita vya Marekani vya 1861, ni utumwa au haki za majimbo?

Mleta mada: Wakuu, kila tukigusa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani hakosekani wa kusema utumwa ulisingiziwa tu, eti majimbo ya Kusini, yaliyokuwa na watumwa, yalitetea haki ya majimbo kujiamulia mambo yao. Mimi nakataa, na hoja yangu ni sheria moja: ile ya 1850 ya watumwa waliotoroka.

Kusini ndio walioidai. Mtu akitoroka Virginia, Kusini, akafika Boston, Kaskazini, serikali kuu inamfuata hukohuko, jimbo litake lisitake. Haruhusiwi kutoa ushahidi wake mwenyewe. Kamishna anayesikiliza shauri analipwa dola 10 akimrudisha utumwani, dola 5 akimwachia. Soma tena hapo. Mwaka 1854 Anthony Burns, mtumwa aliyetoroka, alitembezwa na askari hadi bandarini Boston, barabara zimefurika watu, majengo yametundikwa vitambaa vyeusi kama kuna msiba. Waliokuwa wanauona utumwa ni habari ya mbali, siku ile uliwapita mlangoni.

Majimbo ya Kaskazini yakatunga sheria zao za kukwamisha ukamataji. Hizo si ndizo haki za majimbo? Basi South Carolina, jimbo la Kusini, ilipojitoa Marekani, tarehe 20 Desemba 1860, ikaandika sababu zake, na mojawapo ya malalamiko makubwa ni hilohilo: Kaskazini hawarudishi watumwa.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umewavalisha Kaskazini kanzu nyeupe. Rais Lincoln wa Kaskazini alipoapishwa alisema hana nia ya kugusa utumwa pale ulipo. Na ushuru wa forodha uliowaudhi Kusini je? Halafu ile merikani waliyovaa bibi zetu Unguja ilifumwa Massachusetts, kwa pamba ya watumwa. Pesa ikaliwa hukohuko Kaskazini.

Mleta mada: Kwenye merikani umenikamata, sibishi. Ila ushuru hapana. Ulishushwa mwaka 1857. Sheria ya kuupandisha ilitiwa saini Machi 1861, majimbo saba ya Kusini yameshafunga virago.

Lincoln kweli aliahidi kutogusa utumwa pale ulipo. Alichokataa ni kuupeleka kwenye maeneo mapya ya magharibi, na huo ndio ugomvi wenyewe. Mwaka 1820 Bunge lilichora mstari kwenye ramani, utumwa usivuke kaskazini yake. Mwaka 1854 likaufuta, likasema walowezi wa Kansas wapige kura. Kura gani? Watu walivuka mpaka kutoka Missouri, jimbo jirani lenye utumwa, na bunduki, wakapiga kura, wakarudi kwao. Damu ikamwagika Kansas miaka mingi kabla ya 1861. Mahakama Kuu nayo, mwaka 1857, kwenye kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake, ikasema Bunge halina uwezo wa kuzuia utumwa katika maeneo hayo. Baada ya hapo wapatane juu ya nini?

Mchangiaji wa pili: Swali dogo. Askari wengi wa Kusini hawakuwa na mtumwa hata mmoja. Walipigania nini?

Mleta mada: Hilo ndilo linalonisumbua na mimi. Wengine waliona wanalinda kwao, wengine waliogopa kuwa sawa na mtu mweusi, na kuanzia Aprili 1862 wengine waliingizwa jeshini kwa lazima. Oktoba mwaka huohuo shamba lenye watumwa 20 likaruhusiwa kubakiza mzungu mmoja nyumbani, asiende vitani. Maskini wa Kusini wenyewe walinung'unika: vita ya tajiri, anakufa maskini. Karibuni.