Yule jamaa wa buti AMELIWA NA MTOTO MCHANGA halafu mnataka nitulie?

MwishoWaReli (Kigoma)

Wakuu, leo sina salamu. Atakayeniambia nitulie tutakosana humu humu.

Yule jamaa ameliwa.

Mnamjua, Randall Flagg, yule mchawi wa vitabu vya Stephen King. Yule wa koti la jinzi na buti zilizolika visigino, mwenye beji ya tabasamu kifuani, anayebadilisha jina kila anakokwenda lakini herufi R na F mara nyingi haziachi. Tuko naye tangu lile shairi la 1969, King akiwa bado mwanafunzi wa chuo, hata riwaya yake ya kwanza haijatoka. Tumemlea huyu mtu! Halafu kinakuja kitabu cha saba cha The Dark Tower, 2004, anatokea kidogo tu, anajisifu, anapiga domo, na ANALIWA. Na mtoto. Mtoto ambaye hajatolewa hata arobaini! Tena ni mtoto anayegeuka buibui, na mguu mmoja umeshaondoka kwa risasi ya mama yake!

Niko hapa Mwanga, umeme umekatika, nasoma kwa mwanga wa simu, nikarudia ule ukurasa nikidhani nimeruka mistari. Sikuruka. Nilipiga ukelele mpaka jirani akatoka na panga akijua ni mwizi.

Hebu nikumbusheni huyu ni nani. Si ndiye huyu, baada ya mafua kufagia karibu binadamu wote kwenye riwaya ya The Stand, aliyejikalisha Las Vegas akawa anasulubisha watu hadharani? Si ndiye aliyemuua Mfalme Roland wa Delain, kwenye The Eyes of the Dragon, kwa ule mchanga wa joka unaomuunguza mtu kuanzia tumboni, kisha akamsingizia mwana wa mfalme, akamfungia juu ya mnara? Si ndiye aliyemzungusha mshika bastola, shujaa wa The Dark Tower, jangwa zima, akamfufua maiti pale mji wa Tull ili tu awategee watu mtego? Dunia ngapi zimemuogopa? Kunguru wenyewe walikuwa wanamtii!

Sasa huyo huyo anamwendea katoto akiwa amejifunika kichwani kwa madude ya chuma ili mawazo yake yasisomwe. Katoto kanamtazama tu. Kanasoma kila kitu, mpaka ule mpango wa kukakata mguu wenye alama aende kufungulia mlango wa Mnara. Kanamwamuru ajing'oe macho. Anajing'oa! Kwa vidole vyake mwenyewe! Anaambiwa na ulimi. Anatoa! Kisha kanajigeuza, kanamla, basi. Mshika bastola hayupo, hana hata habari. Aliyemfukuza huyu mtu maisha yake yote hajui kwamba mtu wake ameshakuwa chakula cha jioni.

AMEJING'OA MACHO. KWA AMRI YA MTOTO.

Kitabu nimekitupa juu ya kabati na sikishushi. Nataka mtu mmoja tu aniambie hii ilikuwa haki. Mmoja!

Binti Katubuka

Nimeweka kambi. Nani ana karanga?

asali_ya_miombo (Tabora)

Mkuu, pole, lakini mbona huyo jamaa wako watoto ndio saizi yake tangu zamani? Kule Delain alishindwa na nani? Na kijana aliyekaa mnarani miaka mitano akichomoa nyuzi za vitambaa vya kujifutia mdomo mezani, akasuka kamba. Vitambaa! Mchawi wa mamia ya miaka, mfungwa analetewa chakula na kitambaa kila siku, hajiulizi. Halafu mdogo mtu, yule Thomas mnyonge aliyekuwa anaamini amemweka kiganjani, ndiye akampiga mshale wa jicho. Macho ndiyo ugonjwa wake tangu huko. Buibui kaja kumalizia kiporo.

MwishoWaReli

@asali_ya_miombo usiniletee ya Delain. Kule alipigwa mshale AKATOWEKA. Ameondoka na heshima yake, nguo zikabaki chini. Hapa ameliwa. Kuna tofauti ya kutoweka na kuliwa au hakuna?

Mzee wa Isevya

Huyu kijana ana uchungu wa kweli. Mimi nilisoma The Stand ile ya 1978, na mwisho wake niliukubali: bomu la nyuklia, lililoletwa na yule kichaa wake mwenyewe mpenda moto, na ule mkono ulioshuka kutoka juu. Mtu wa namna ile anatakiwa afe na mji mzima. Baadaye 1990 wakatoa toleo refu, kumbe jamaa ameamkia ufukweni kati ya watu ambao hawajawahi kumsikia, anaanza upya na jina jipya. Nikasema huyu ndiye. Huyu hamaliziki. Kwa hiyo naungana na mleta uzi. Mtu aliyepona bomu la nyuklia hawezi kufia kwa kichanga.

MwishoWaReli

ASANTE mzee wangu. Bomu amepona, kichanga kimemla. Semeni tena nimekasirika bure.

Dagaa_Mkavu

Wewe mleta uzi hukuweka tahadhari yoyote juu! Mimi niko kitabu cha nne, wamefika kwenye lile jumba la kioo la kijani, jamaa ndiyo kwanza kajitokeza tena, nafurahi naye, nafungua simu nakutana na AMELIWA kwa herufi kubwa. Umeniharibia wiki nzima. Ningekuwa naweza kukupiga ban ningekupiga sasa hivi.

Binti Katubuka

Kitabu kimetoka 2004 jamani. Waliozaliwa mwaka huo wana watoto sasa.

Dagaa_Mkavu

Kwa hiyo? Vitabu vinafika Kigoma kwa gari la moshi, dada. Mimi nasoma kwa kuazima. Nasubiri mtu amalize, naye alikuwa anasubiri mwingine amalize. Mniheshimu.

Kaka wa Dar

Kwani mtu wa Kigoma analilia mchawi? Si mngemletea mmoja wa huko kwenu amkinge na hako kabuibui?

MwishoWaReli

@Kaka wa Dar hizo stori zenu za Kigoma na uchawi kazisimulie huko kijiweni kwenu. Hapa tunaongelea msiba. Mtu amejing'oa macho.

mpenda_muvi

Mnajichosha na vitabu. Muvi ya The Dark Tower ya 2017 Idris Elba, mshika bastola, alimchapa risasi jamaa akafa kiume, dakika tisini na kitu kazi imekwisha. Na yule Matthew McConaughey, ndiye jamaa mwenyewe, alivyokuwa anamwambia mtu aache kupumua na mtu anaacha, ndiyo ilikuwa hatari ya kweli.

Mzee wa Isevya

Ile muvi usiilete mbele ya watu wazima. Vitabu saba umevibana kwenye dakika tisini, sasa umebakiza nini? Jamaa kavaa koti zuri tu, anatembea tembea, hana hata ule utani wake. Huyu mtu ANACHEKA. Ndiyo maana anatisha. Anakuja kwako usiku anacheka, anakuita kwa jina, anajua deni unalodaiwa dukani. Yule wa kwenye muvi alikuwa kanuna kuanzia mwanzo hadi mwisho.

mpenda_muvi

Basi ile tamthilia ya The Stand ya 1994, yule Jamey Sheridan mwenye nywele ndefu na jinzi mwili mzima. Yule mmekubali au naye mna neno?

asali_ya_miombo (Tabora)

Yule sawa. Mpaka alipoota mapembe. Pale nilizima.

Binti Katubuka

Skarsgård wa tamthilia ya 2020 mnamrukaje? Mimi angekuja kuniita Las Vegas ningeshafunga mabegi. Mama Abagail, yule bibi mcha Mungu wa The Stand, angebaki na mahindi yake huko Nebraska.

Mama Wawili

Haya ndiyo matatizo ya wasichana wa siku hizi. Mtu anasulubisha watu, wewe unaangalia kifua.

MwishoWaReli

Wakuu turudi kwenye mada. MADUDE YA CHUMA KICHWANI. Mtu anayejua uchawi wa kila dunia, alishafunga na kufungua milango ya kupita ulimwengu hadi ulimwengu, leo anategemea bati! Mimi hapa ndipo roho inaponiuma. Angalau angepigana. Angemrushia moto, maana moto anautoa kwenye vidole tangu siku nyingi. Hakurusha hata cheche. Kasimama, kaambiwa toa jicho, katoa.

Nyuki_Mkali

Nimecheka mpaka nimeulizwa na bosi. "Kaambiwa toa jicho, katoa."

Mtunza Kumbukumbu

Mkuu MwishoWaReli, unasema umetupa kitabu hapo? Hujafika hata nusu. Kama hili la kuliwa limekuuma, subiri ufike kwa Mfalme Mwekundu, huyo bosi wa mabosi waliyekuwa wanatutishia naye vitabu vyote. Huyo wako angalau kaliwa. Mwenzie KAFUTWA KWA RABA. Raba ya penseli! Kijana anayejua kuchora kamchora, kisha kamfuta. Yakabaki macho tu.

MwishoWaReli

Nani kafutwa na raba???

Dagaa_Mkavu

Hahahaaa! Sasa umejua inavyouma. Mungu ni mkubwa.

MwishoWaReli

@Mtunza Kumbukumbu wewe ni mtu wa namna gani? Nimesema nimekitupa juu ya kabati, sijasema nimekichoma. Nilikuwa nimeanza kufikiria kukishusha.

Mtunza Kumbukumbu

Ulisema hukishushi.

Mzee wa Isevya

Hapo kwenye raba nami nilisimama nikatoka nje. Mke wangu akauliza kuna nini, nikamwambia hakuna, wewe lala. Utamwelezaje mtu?

Kibirizi Mjini

Nyie wote mna haraka ya kuzika. Huyu jamaa hafi. Waha tumeona mambo haya ziwani kwetu Tanganyika. Meli yetu ya Liemba si ilizamishwa 1916 na Wajerumani wenyewe pale mdomo wa Malagarasi? Waliipaka mitambo grisi kwanza, wakaizamisha kwa adabu. Ikakaa chini ya maji, 1924 Waingereza wakaiibua, 1927 ikarudi kazini na jina jipya. Jamaa naye kazama tu. Kuna mtu ameshampaka grisi mahali. Si mnaona vile vitabu vya Gwendy, yule mtu wa kofia nyeusi mwenye sanduku la vitufe, Richard Farris? R na F hizo hapo, 2017, baada ya kuliwa.

Binti Katubuka

Hii nimeipenda kuliko uzi wenyewe.

asali_ya_miombo (Tabora)

Ila yule wa Gwendy ana roho nzuri. Hawezi kuwa yeye.

Kibirizi Mjini

Na Liemba ilipigana vita ikaishia kubeba dagaa. Watu hubadilika.

Mtunza Kumbukumbu

Sahihisho dogo. Wabelgiji walijaribu kuiinua kabla ya Waingereza. Na haikuja ikielea, ilijengwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwenye makasha mpaka Dar, ikapanda reli hadi Kigoma.

asali_ya_miombo (Tabora)

Ikapita TABORA. Andika hivyo. Bila Tabora hamna meli.

Kibirizi Mjini

Nilijua tu. Hamkosi pa kujichomeka. Meli ni ya Kigoma, ziwa ni la Kigoma, nyie mlikuwa stesheni ya kununulia maembe.

Mzee wa Isevya

Kijana, hayo maembe babu yako aliyala na akashukuru. Reli imegawanyika Tabora, moja Mwanza, moja Kigoma. Sisi ndio tuliowaamulia muende wapi.

Mama Wawili

Mimi kwenye Liemba nina langu. Nilisafiri na mama mkwe kwenda Kasanga, daraja la tatu, tukakalia magunia usiku kucha, na yeye ananiuliza kila bandari kama nimepika. Napika wapi mama, ndani ya gunia?

Binti Katubuka

Mama Wawili fungua uzi wako tafadhali, huu tunauhitaji.

MwishoWaReli

Jamani. Mtu amejing'oa MACHO.

Nyuki_Mkali

Mama Wawili usiondoke, ikawaje kwa mama mkwe?

Mama Wawili

Ikawa tumefika Kipili boti zimesogea kushusha watu, wanapokea mizigo kwa kurushiwa, na yeye ana kuku watatu kwenye tenga. Akasema hakuna anayemrushia kuku wake. Meli nzima inasubiri. Nahodha anapiga honi.

Kibirizi Mjini

Pale Kipili napafahamu. Wale vijana wa maboti bei waliyokuwa wanatoza kushusha tenga ilikuwa ya kumshusha mtu mzima.

Dagaa_Mkavu

Tena ulikuwa ukibisha wanaondoka, unaachwa melini mpaka bandari inayofuata. Mjomba wangu alipitilizwa hivyo hivyo, akarudi nyumbani kwa mitumbwi ya watu.

asali_ya_miombo (Tabora)

Na kuku je?

Mama Wawili

Mmoja alijirukia mwenyewe ziwani. Mama mkwe mpaka leo anasema nilimsukuma mimi.